Pete ya Mwisho Kwenye Fimbo

Mimi ndiye niliyekuwa navuta kamba. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za kikundi chetu cha wakerezaji huuliza mafundi walikuwa nani, na fundi kwa akili yao ni yule aliyeshika patasi. Mvuta kamba wanamweka fungu moja na ng'ombe wa plau. Siku hizi sikasiriki, lakini zamani nilikuwa nakasirika sana.

Keezo la kamba halionekani tena kirahisi, kwa hiyo nieleze. Kipande cha mti kinabanwa kati ya ncha mbili za chuma. Kamba ya ngozi inazungushwa kwenye mti, karibu na ncha yake moja; lazima iwe ngozi, maana kamba ya nailoni wanayofungia mitumbwi inateleza. Mtu mmoja anakaa chini, miguu ameikaza kwenye ubao, ameshika ncha zote mbili za kamba. Akivuta mkono wa kulia, mti unazunguka kumwelekea fundi, naye fundi anaugusa kwa patasi. Akivuta wa kushoto, mti unarudi kinyume, na fundi anaiondoa patasi kidogo tu, unene wa karatasi, akingoja. Kula, acha. Kula, acha. Fundi asipoacha kwa wakati, patasi inajichimbia ndani na kazi imekwisha. Mvutaji ana sharti moja, na mimi nilifundishwa na mume wangu wiki ile ile niliyoolewa: usiangalie patasi. Ukiangalia utaogopa, na ukiogopa utavuta nusu. Tazama ukuta, tazama kuku, tazama unachotaka, wewe sikiliza tu. Mti ukikatwa vizuri unatoa sauti ya mtu anayefagia uwanja. Ukikatwa vibaya unapiga ukelele.

Nimetazama kuku wengi sana katika ndoa hii.

Kikundi kilianzia uani kwetu, Ujiji, mume wangu na rafiki zake wawili watatu waliokuwa wakikereza miguu ya vitanda na michi ya vinu. Baadaye kikahamia Bangwe, kwenye karakana ya mtu ambaye tulimfanya mwenyekiti kwa sababu alikuwa na bati juu na umeme ukutani. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa mgongoni, na Kiswahili chake hadi leo kina ng'ambo ndani yake. Alikuwa amefunga mota ya mashine ya kusaga kwenye keezo lake, likawa linazunguka mpaka ukilisogelea meno yanakuwasha. Tulikutana hapo Jumamosi moja kila mwezi, watu saba, nane, wakati mwingine watano tu dagaa wakiwa wengi, maana baadhi yetu walikuwa na mitumbwi.

Kila mtu alikuja na kazi yake na kosa lake, na kosa ndilo tulilolipenda zaidi. Huku kwetu kwenye michikichi, tukitaka mti usipasuke wakati unakauka tunapaka mawese kwenye vichwa vyake, pale ulipokatwa. Sasa kuna mmoja alipaka mawese mguu mzima wa kitanda, juu hadi chini, miguu yote minne, kwa kuzidisha wema. Vanishi ikakataa kukauka. Bwana harusi akalala kwenye harufu ya mboga mpaka mkewe akarudi kwao kwa muda. Tulicheka chai ikapoa. Kisha tukarudia somo: mawese vichwani tu, halafu mti ufukiwe ndani ya maranda yake wenyewe, ukauke polepole bila kuona jua. Hivyo ndivyo tulivyofundishana, kwa kuchekana.

Na palikuwa na fimbo. Kila mwanzo wa mwaka mwenzetu mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, alishuka na bodaboda akiwa amefunga mgongoni shina la mkahawa mzee aliloling'oa shambani. Mkahawa ni mti mweupe, mgumu, usio na makuu, na ukiuona shambani hudhani kama unafaa kitu zaidi ya kuni. Tuliunyoosha ukawa fimbo yenye kirungu juu, na kila mkutano mwanachama mmoja alikata pete yake, kuanzia chini kupanda juu, mdogo kwanza, mkubwa mwisho. Mwisho wa mwaka fimbo ilitundikwa ukutani pamoja na zilizotangulia. Haikuguswa na mota, na pete haikupigwa msasa. Yalikuwa masharti, na sababu yake ni hii: kwenye kamba, kila mvuto unapokwisha patasi huacha kituo kidogo mno, ambacho jicho halikioni lakini kidole gumba kinakipata. Ukipitisha kidole unajua pete ni ya nani. Ambaye pete yake haimo kwenye fimbo, mwaka huo hakuwemo. Hakufukuzwa wala hakusemwa. Hakuwemo tu.

Pete ya mwisho, ile iliyo chini ya kirungu, ilikuwa ya mume wangu tangu fimbo ya kwanza. Alikata pete mbili zilizobanana, na katikati yake mfereji mwembamba ambao ukucha wa kidole gumba uliingia ukagusa chini bila nafasi ya kucheza. Hakuna mwingine aliyeuweza. Mwenyekiti alijaribu mara nyingi akaishia kulaumu patasi. Na kwa kuwa fimbo ilikuwa kazi ya kamba, pete zote za fimbo za miaka hiyo zilipita mikononi mwangu. Nilimjua kila mtu kwa anavyokula mti. Mwenyekiti alikula kwa pupa. Yule wa Kalinzi aliacha katikati ya mvuto kama mtu aliyekumbuka jambo. Mume wangu alipofika kwenye ule mfereji, sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilizuia pumzi nisiipoteze. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa naingoja sauti hiyo mwaka mzima. Hatukuwa watu wa kuambiana mambo hayo.

Mwaka ninaousimulia, pete ya kwanza ilikuwa imekwisha kukatwa, mvua bado zinanyesha. Mume wangu alikuwa anatawadha kwa ajili ya alasiri. Akaniita akaniambia birika limekuwa zito. Nilikwenda nikanung'unika njiani, maana nilikuwa nachambua mchele. Nikalinyanyua lile birika. Lilikuwa tupu.

Hospitali walisema ni kiharusi. Walitutunza, sina lawama na mtu. Watoto wetu wako mbali, mmoja Kahama na mwingine Dar es Salaam. Walikuja, wakakaa walivyoweza, wakarudi makazini kwao, na ndivyo inavyotakiwa. Mume wangu alirudi nyumbani mdomo umepinda kidogo, mguu mmoja anaukokota, na mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Maneno yalikuwa mazito lakini yalieleweka. Kwa muda mrefu hakuyatumia. Alikaa barazani, akitazama watu wakipita, akiitikia salamu kwa kichwa. Mimi nilijifunza kumvisha, kumlisha, kumgeuza. Jioni nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia, nikawa sina hata muda wa kulia. Tukaanza kuzoea. Nataka hili lieleweke: tulikuwa tumeanza kuzoea.

Ndipo mwenyekiti alipokuja kumjulia hali, pamoja na yule wa Kalinzi.

"Mwakeye, mama," alisema wa Kalinzi kwa salamu ya kwao, akashusha gunia mlangoni. Ndani yake mlikuwa na matawi ya mkahawa, yamekatwa vipande vipande.

Mwenyekiti alikaa karibu na mume wangu, akamshika goti. "Papa, pole sana. Usiwaze. Fimbo iko, na nafasi yako iko. Hatuwezi kuifunga bila mkono wako."

Mume wangu akautazama mkono wake wa kulia.

"Mkono wa kushoto nao ni mkono, mzee," alisema wa Kalinzi. "Vile vijiti ni vya kujifunzia. Vikiisha naleta vingine."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mwenyekiti akamalizia.

Nilitaka kumwambia kwamba hapa koleo ni zima, kilichovunjika ni kiganja cha mhunzi. Sikusema, kwa sababu niliuona uso wa mume wangu. Tangu siku ya birika sikuwa nimemwona akimtazama mtu machoni. Aliwatazama wote wawili, kisha akanitazama mimi, na kwa ule mdomo wake uliopinda akasema: "Keezo liko wapi?"

Lilikuwa darini. Nilipanda mwenyewe nikalishusha, pamoja na buibui wake.

Tulianza asubuhi ya kesho yake, uani, baada ya chai. Nilimweka kwenye kiti, nikaufunga mkono wa kulia kifuani kwa kanga usije ukaangukia kwenye mti. Patasi nikampa kushoto, nikakaa chini mahali pangu, nikavuta. Vijiti vya kwanza viliharibika vyote. Nilitegemea hivyo, naye alitegemea hivyo, tukavitumia kuchemshia maharage. Tatizo halikuwa nguvu. Mkono wa kushoto ulijua kula. Kuacha haukujua. Mti ukirudi kinyume, mkono wa kulia wa zamani ulikuwa unajiondoa wenyewe bila kuambiwa, kwa kiwiko, kama mtu anavyopepesa jicho. Huu wa kushoto ulisubiri amri, na amri ilikuwa inatoka mbali ikichelewa. Patasi inajichimbia, kijiti kinapiga ukelele, kipande kinaruka. Tena. Tena. Kuku walihama uani.

Siku moja akaweka patasi magotini.

"Unaangalia," alisema.

"Siangalii."

"Unaangalia. Naisikia kamba. Unavuta nusu."

Ni kweli nilikuwa naangalia. Miaka yote hiyo sikuwahi, na sasa nilikuwa sibandui macho. Nani asingeangalia? Ile patasi ilikuwa na makali, na vidole vile vya kushoto ndivyo pekee vilivyobaki vya kumpelekea kijiko mdomoni. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anataka mvutaji mwingine akamtafute Kalinzi. Kisha nikaona aibu, nikaingia ndani nikatoka na kanga nyingine, nikajifunga nayo macho.

"Haya," nikasema. "Sasa sioni hata wewe."

Jirani alituchungulia juu ya ukuta. "Shoga, mnacheza kombolela na uzee huo?" Nikamwambia ndiyo, na yeye ndiye anayetafutwa. Nilimsikia mume wangu akicheka, kicheko cha upande mmoja, na kwa kuwa sikuwa naona nikaweza kujidanganya kwamba ni kile cha zamani.

Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi, mimi nimefungwa macho, yeye amefungwa mkono. Mvua zikaisha, upepo wa kiangazi ukaanza kupanda kutoka ziwani na vumbi. Na asubuhi moja, nikiwa gizani ndani ya kanga yangu, nikasikia mtu anafagia uwanja. Niliendelea kuvuta. Sikuthubutu kusimama. Fagia, kimya, fagia, kimya. Kisha akasema, "Basi." Nikafungua macho. Kwenye kijiti palikuwa na pete. Ilikuwa imeelemea upande na haikuwa na mfereji, ila ilikuwa pete, imezunguka yote ikakutana na mwanzo wake. Alikuwa analia waziwazi na udenda unamtoka. Nilimfuta. Siku ile nilikwenda sokoni nikanunua samaki, mgebuka mkubwa kuliko tulivyohitaji, nikampikia kwa mawese, na nikampigia simu mwenyekiti. Nilisikia anawatangazia watu karakanani kwake, nikasikia wanashangilia.

Pete ile haikurudi tena. Nimejaribu kukumbuka kama kesho yake tulifanya jambo tofauti. Nilikaa pale pale. Kamba ilikuwa ile ile. Tulivuta wiki zilizofuata, tukamaliza gunia, wa Kalinzi akaleta lingine, na kila kijiti kilipiga ukelele wake. Kisha mguu ukaanza kuvimba, akawa anachoka upesi, patasi inamponyoka inachoma ardhi. Wa Kalinzi alileta gunia la tatu. Hilo hatukulifungua. Mvua ziliporudi mume wangu aliacha kuniambia nitoe keezo, nami niliacha kumuuliza. Nililifunika turubai. Mwenyekiti alipiga simu akauliza maendeleo, nikasema anaendelea vizuri, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

Nilidhani yamekwisha. Nilitamani yawe yamekwisha. Lakini Jumamosi ya mkutano wa mwisho aliamka mapema, akataka kuoga, akataka kanzu yake ya Ijumaa. "Twende," alisema. Nadhani alijua haitatoka. Mfa maji haishi kutapatapa, na mimi nilikuwa naye humo humo majini. Nikaita bajaji.

Bangwe walikuwa wamekuja wote, hata wale wa mitumbwi. Mke wa mwenyekiti alikuwa amepika wali. Fimbo ilikuwa tayari kwenye keezo la kamba, pete zimepanda hadi ya mwenyekiti, mwaka huo wakivutiana kamba wao kwa wao, na juu yake, chini ya kirungu, pamebaki mahali patupu, peupe, palaini. Mume wangu alikalishwa. Nikaufunga mkono wake kifuani. Nikakaa chini, nikatoa kanga yangu, nikajifunga macho mbele yao wote. Hapakuwa na aliyecheka, na nilitamani angalau mmoja acheke.

Nikavuta. Mwanzoni patasi haikufika, nilisikia mti unazunguka bure. Nikavuta tena, na nikasikia uwanja unafagiwa. Naapa nilisikia. Kwa mivuto miwili mitatu ilikuwa sauti yake hasa, ile niliyokuwa naingoja, na ndani ya ile kanga nilisema moyoni, Mungu, iache hivyo hivyo. Kisha mti ukarudi kinyume na patasi ikabaki pale pale. Ulipiga ukelele. Kitu kikaruka kikanigonga goti.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

"Imetoka!" ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Papa, imetoka!"

Nikafungua macho. Chini ya kirungu palikuwa na jeraha ambalo ungeweza kulaza kidole ndani yake, nyuzi za mti zimesimama. Pete ya mwenyekiti nayo ilikuwa imekwaruzwa. Mume wangu alikuwa anaitazama patasi mkononi mwake. Watu bado wanapiga makofi, wengine macho yana machozi, na sijui kwa nini hawakuacha. Aliomba maji. Nikampa. Tukala wali.

Tukirudi, bajaji ilikuwa inakaribia nyumbani.

"Wamenipigia makofi," alisema.

"Ndiyo."

"Kama mtoto aliyekwenda chooni peke yake."

Dereva aliongeza redio.

Wiki iliyofuata walikuja, mwenyekiti na yule wa Kalinzi, wameifunga fimbo ndani ya kitenge kipya. Mwenyekiti alikuwa mchangamfu kupita kiasi. "Papa, tumekuletea pete yako uione kabla hatujaitundika. Tumeisafisha kidogo tu." Akafungua kitenge.

Jeraha halikuwepo. Shingo yote ya fimbo ilikuwa imepunguzwa, imekuwa nyembamba kuliko za miaka mingine, na hapo palikuwa na pete mbili zilizobanana, katikati yake mfereji. Zilikuwa nzuri. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga, kwa muda wa kama kumeza mate. Nilifikiri labda makofi yale yalikuwa na sababu, kwamba chini ya zile nyuzi palikuwa na pete na wao wameifukua tu.

Mume wangu alilaza fimbo mapajani. Akaanza chini, na kidole gumba cha kushoto, akipanda. Kwenye kila pete alisimama kidogo akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa anamsalimia mwenye pete. Kwenye ya wa Kalinzi alisimama zaidi, akamtazama, wa Kalinzi akatazama chini. Akafika juu. Kidole kikazunguka pete ya kwanza, kikazunguka ya pili. Akaingiza ukucha kwenye mfereji. Uliingia ukagusa chini, haukucheza. Akazungusha fimbo, akarudia, polepole zaidi, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo. Nilikitazama kile kidole kinavyoteleza bila kukwama popote, na hapo nami nikaelewa. Hapakuwa na kituo hata kimoja. Ile ilikuwa kazi ya mota.

"Safi," alisema.

"Asante, Papa!" Mwenyekiti alifuta macho, na machozi yale yalikuwa ya kweli. "Si nilisema? Mkono uko." Kisha akanigeukia. "Na sisi tumekaa, tumeona fimbo za miaka ya mbele tuzitie kwa mota. Ile kamba ni mateso. Mama naye apumzike sasa, amevuta vya kutosha."

Walikuwa na nia njema. Nimelirudia hilo moyoni mara nyingi na bado naliamini, wala halinisaidii kitu. Nikawamiminia chai ya tangawizi. Walikunywa, wakasifu pete, wakaifunga fimbo kwenye kitenge chake, wakaondoka nayo. Iko ukutani Bangwe hadi leo. Mwenyekiti akipata wageni huwaonyesha pete ya mwisho, akawaeleza kwamba aliikata mwanzilishi wetu kwa mkono wa kushoto baada ya kuugua, na kwamba ndiyo iliyo safi kuliko zote. Wageni huigusa. Niliwahi kusimama hapo nikasikia, nikakubali kwa kichwa.

Lakini siku ile, walipokwisha kupotelea kwenye kona, tulibaki barazani na vikombe. Nilijua anajua, naye alijua ninajua, nikaona nimwachie aseme la kwake. Nilitegemea hasira. Ningeipokea hasira, ningemwambia ana haki.

"Hata wewe hawakukuita kuvuta," alisema.

"Hawakuniita."

Akanyoosha mkono wa kushoto akakichukua kiganja changu, akakigeuza juu kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba chini ya vidole vyangu, pale ambapo kamba imeweka sugu kwa miaka yote hiyo, akaenda, akarudi, akasimama, akaenda tena. Mwaka ule hatukuwa tumevuta kitu tangu mvua ziliporudi, isipokuwa ile Jumamosi moja.

"Zinalainika," alisema.

Nikamwambia ndiyo, zimeanza kulainika. Hakukiachia kiganja mpaka chai iliyobaki kwenye vikombe ikapoa, nami sikumwomba akiachie.